Eneo Letu Si Wazi

Habari yenyewe ilikuwa ukurasa wa nne, imebanwa kati ya tangazo la magodoro na picha ya mbuzi aliyepotea. Mdau alilinyoosha gazeti mbele yake, akakohoa, akaanza kutuhutubia.

"Viongozi wa kanda wamehitimisha mkutano wao wa siku tisa kuhusu maendeleo ya uchumi, ulinzi na utawala wa kidemokrasia. Wameazimia kwa kauli moja kwamba kuanzia sasa maamuzi yote yataanzia ngazi ya chini kabisa."

"Ngazi ya chini kabisa ndiyo nani?" akauliza Fundi Soli, misumari imejaa midomoni.

"Ndiyo sisi, shemeji."

"Sisi tuna ngazi? Sisi tuna benchi."

Niwatambulishe watu hawa kabla hawajaanza kugombana, maana wakianza hamtanisikia. Fundi Soli anashona viatu mahali pale mwaka wa kumi na nane sasa, chini ya bati moja. Benchi ni lake. Alilitengeneza kwa mlango wa zamani, na mpaka leo lina tundu la kitasa ambalo mgeni hulikalia mara moja tu. Watoto wake watatu wamesomeshwa na visigino vya watu. Mdau ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Aliwahi kuwa dereva wa mradi kwa miezi mitano; mradi ukaisha, gari likaondoka, yeye akabaki na koti na maneno. Kamanda analinda ghala usiku, mchana analala kwenye benchi, na ukimwambia amelala anakuambia amefumba macho kiusalama. Bi Birika anauza kahawa, na ndiye peke yake kati yetu anayesoma kitu mpaka mwisho. Mimi ni kinyozi, saluni yangu iko ng'ambo ya barabara, na wananiita Wembe. Sababu siijui na siitaki.

"Mkimaliza kanda," Bi Birika akasema huku anapuliza makaa, "someni na tangazo hili la hapa nguzoni. Limebandikwa leo asubuhi, na limewataja."

Tukageuka. Kweli, kwenye nguzo ya umeme palikuwa na karatasi yenye mhuri. Mdau akaisogelea kwa heshima zote.

"Uhakiki wa maeneo wazi. Eneo hili, lenye benchi moja na bati moja, linapendekezwa kuwa eneo wazi. Kila eneo litume mwakilishi mmoja, aliyechaguliwa kwa njia ya kidemokrasia, katika kikao cha leo saa nane mchana, ukumbi wa manispaa. Eneo lisilopingwa litathibitishwa kuwa wazi."

Fundi Soli alitema misumari yote saba.

"Wazi? Mimi nimekaa hapa miaka kumi na minane, halafu hapa ni wazi?"

"Wanamaanisha hakuna mtu," nikasema.

"Kwani mimi ni nini? Ni gundi?"

"Nani kapigwa?" Kamanda akashtuka, akakaa.

"Hakuna aliyepigwa. Limepingwa. Yaani bado halijapingwa. Lala."

"Sijalala."

"Jamani, mbona hili jambo ni rahisi?" Mdau akapanda juu ya benchi, akakwepa tundu. "Mlango ukiwa wazi, anaingia nani? Yeyote! Leo wanaandika hapa ni wazi, kesho anaingia mwekezaji na uzio wake. Hii ni njama. Ilipaswa kwanza ufanyike upembuzi yakinifu."

"Mimi nimepembua mchele maisha yangu yote," Bi Birika akasema, "sijawahi kuuita yakinifu."

Sasa, palikuwa na mteja mmoja. Bwana wa makamo, suruali imepigwa pasi, amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea nguzo ile ile yenye tangazo. Mguu wa pili alikuwa ameuning'iniza na soksi yake yenye tundu kidoleni, kwa sababu kiatu chake cha kushoto kilikuwa mapajani mwa Fundi Soli, soli imeachama.

"Samahani," akasema kwa upole, "hilo neno wazi hapo, maana yake..."

"Ndugu mteja," Mdau akamkata, "usije ukatufundisha Kiswahili kwenye benchi letu. Wewe ni wa hapa?"

"Hapana, mimi natoka..."

"Basi inatosha. Hapa wewe ni mwananchi wa kawaida. Maoni ya wananchi yana muda wake."

"Muda wake ni lini?"

"Baada ya maamuzi."

"Mwacheni aseme, nyie!" Bi Birika akadakia.

"Utaratibu, mama! Bila utaratibu tutakuwa kama wale wanaokunywa chai kule kwenye kona."

Mwananchi akabadilisha bega aliloegemea. Akaomba tu kwamba kiatu chake kiwe tayari kabla ya saa nane, kwa kuwa naye ana kikao.

"Kila mtu ana kikao siku hizi," nikamwambia. Nakiri nilimwambia kwa kebehi.

Ikawa saa tano, na ikawa lazima tuchague mwakilishi. Mdau alisema cheo kiwe mwenyekiti. Kamanda akapinga kwamba hatuna kiti, huwezi kuwa mwenye kitu kisichokuwepo. Tukabishana nusu saa, tukaafikiana kwamba atakayechaguliwa ataitwa Mwenyebenchi. Kisha kampeni zikaanza, na wagombea tulikuwa watano, maana wapiga kura tulikuwa watano.

"Mkinichagua mimi," Mdau akasema, "nitawaletea benchi la ghorofa."

"Wa juu atashukaje?"

"Kwa ngazi! Si wamesema maamuzi yanaanzia ngazi ya chini? Hiyo ndiyo ngazi yenyewe."

Kamanda akasimama, akapiga saluti. "Tatizo letu ni ulinzi. Mimi naahidi ulinzi saa ishirini na nne, kumi na mbili kati ya hizo nikiwa nimelala."

"Ukilala unalindaje?"

"Mwizi ataliiba benchi mimi nikiwa juu yake? Hebu mbebe Kamanda tukuone."

Mimi niliahidi kunyoa bure kila mwenye kipara. Niliona ni ahadi inayotekelezeka.

"Mimi nitakwenda pale," Bi Birika akasema, "niwaulize hilo neno lao lina maana gani. Basi."

Tulicheka mpaka Kamanda akapaliwa.

"Mama, kuuliza nako ni sera?" Mdau akafuta machozi. "Kiongozi gani anakwenda kwenye kikao kuuliza? Wataona hatujui!"

"Si kweli hatujui?"

"Ndiyo, lakini wasijue kwamba hatujui!"

Fundi Soli alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameinamia kile kiatu muda wote, nyundo mkononi, hagongi. "Mimi sina sera," akasema. "Mimi nataka kubaki hapa. Nina miaka hamsini na sita. Nikiondoka hapa, sijui pa kwenda kukaa." Mimi kwa upande wangu niliona aibu kwa utani wangu wa vipara. Kisha kila mmoja akaendelea kugombea kama kawaida.

Karatasi za kura zilikuwa vipande vya boksi la viatu. Sanduku likawa shida. Mdau alisema lazima liwe na mdomo mmoja, na lisiwe na ulimi mrefu. Tukatazamana. Kitu pekee pale benchini chenye mdomo mmoja na ulimi mfupi kilikuwa kiatu cha mwananchi.

"Jamani, hicho ni kiatu changu," akasema.

"Kinatumika kitaifa," Mdau akamjibu. "Utarudishiwa matokeo yakitangazwa."

Kiatu kikawekwa mwisho wa benchi, karibu na nguzo. Kamanda akapewa kukilinda, akakikumbatia, akafumba macho kiusalama. Mimi, kwa kuwa natoka ng'ambo ya barabara, nikateuliwa mwangalizi wa kimataifa, na nikatoa ripoti yangu kabla kura hazijapigwa: uchaguzi ulikuwa huru na wa haki. Tukapita mmoja mmoja, tukificha vipande vyetu kwa viganja. Tukahesabu. Fundi Soli, moja. Bi Birika, moja. Kamanda, moja. Wembe, moja. Mdau, moja.

"Wewe shemeji, umejipigia kura mwenyewe?" Fundi Soli akauliza.

"Siwezi kumpigia mtu nisiyemjua vizuri."

"Miaka ishirini nimemwoa dada yako!"

"Ndiyo maana."

Kelele zilizofuata ziliamsha hadi mbwa wa duka la jirani. Kamanda alidai kura zirudiwe, Bi Birika alidai akili zirudiwe. Mwisho Mdau akainua mikono, akatangaza kwamba nchi zilizoendelea zikifika hapo huunda serikali ya umoja, ili kila mtu apate. Kamanda akapewa ulinzi. Bi Birika akapewa nishati, kwa kuwa jiko ni lake. Fundi Soli akapewa ardhi, ambayo ndiyo hiyo aliyoikalia. Mimi nikapewa mambo ya nje, kwa sababu ya barabara. Mdau akajipa uongozi wa wote, na hoja yake ilitushinda.

"Nani mwingine hapa ana koti?"

Hakuna.

"Sasa sote viongozi," Bi Birika akasema. "Wa kuongozwa nani?"

Tukamgeukia mwananchi. Alikuwa bado amesimama kwa mguu mmoja.

"Mmoja anatosha," Mdau akasema. "Tusianze na wengi."

Fundi Soli akakipokea kiatu, akakipaka gundi, akakigonga misumari minne, akamrudishia mwenyewe ikiwa saa nane kasoro robo. Mwananchi akakivaa, akakunja uso.

"Kuna kitu kinanichoma kidoleni."

"Ni upya. Kitazoea mguu."

Akaondoka anachechemea kuelekea manispaa. Mdau naye akafunga vifungo vyote vya koti, akaelekea huko huko, lakini upande wa pili wa barabara. Alituambia kiongozi hatembei bega kwa bega na mwananchi, watu wataomba kazi.

Saa mbili zile zilikuwa ndefu. Nilirudi saluni, nikamnyoa mtu upande mmoja, nikavuka tena kuja kuchungulia. Fundi Soli hakushona kitu. Alikuwa anapanga misumari kwa urefu, anaivuruga, anapanga tena. Bi Birika alimmiminia kahawa mara tatu, na zote tatu zikapoa mkononi mwake.

Saa kumi tukamwona Mdau anakuja katikati ya barabara, koti amelivua, analizungusha juu ya kichwa. Magari yanampigia honi, naye anayapungia mkono.

"Tumeshinda! Shemeji, tumeshinda! Si wazi!"

"Umesemaje? Wamesemaje?"

"Mwenyekiti wa kikao akaniuliza, 'Je, eneo lenu ni wazi?' Nikapiga meza: 'Si wazi!' Akaniuliza mara ya pili, 'Una hakika?' Nikapiga meza: 'Si wazi, halijawahi kuwa wazi, na halitakuwa wazi!' Akaniuliza mara ya tatu, kwa sauti ndogo, kama anayenibembeleza. Nikavua koti."

"Halafu?"

"Halafu akagonga mhuri. Pingamizi limekubaliwa!"

"Huyo mwenyekiti mtu gani?" Bi Birika akauliza.

"Sikumwona sana. Alikaa nyuma ya maua ya plastiki."

Fundi Soli alifunika uso kwa viganja vyake vyenye gundi, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamkumbatia Mdau, na wakabandikana, ikabidi tuwabandue. Kamanda aliliimbia benchi wimbo wa gwaride. Nami nilicheza. Siku hiyo nilicheza, mwenye ushahidi aseme.

Katikati ya ngoma hiyo Bi Birika akasema, "Mwananchi amerudi."

Alikuwa anachechemea zaidi ya mwanzo. Kwapani alikuwa na mafaili, na nyuma yake walikuja vijana wawili, mmoja ameshika futi ya kamba na mwingine ameshika vigingi. Akakaa kwenye benchi, juu ya tundu, wala hakujali. Akavua kile kiatu.

"Fundi, nimeshindwa. Tazama humu ndani."

Fundi Soli akaingiza vidole mpaka mwisho, akachokoa, akatoa kipande cha boksi kilichogandana na gundi. Mdau akamnyang'anya, akasoma.

"'Huyu mama wa kahawa.' He! Kura! Kura ya sita! Tumeibiwa! Wapiga kura watano, kura ya sita imetoka wapi? Kamanda! Ulikuwa unalinda nini?"

"Nililinda kiatu. Kiatu kimeibiwa?"

"Ni yangu," mwananchi akasema. "Mliniambia mimi ndiye mwananchi. Nikaona basi nipige kura."

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu ndiye peke yake aliyetaka kuuliza."

Bi Birika aliliweka birika chini. "Nauliza sasa. Baba, wewe ni nani, na hilo neno maana yake nini?"

"Mimi ni afisa ardhi, mama. Ndiye niliyekuwa nyuma ya maua." Mdau akaanza kulivaa koti polepole, mkono mmoja ukakosa njia. "Na eneo wazi ni eneo la watu wote. Halipimwi, halijengwi, halipewi mwekezaji, haliguswi. Nililipendekeza hili mwenyewe, kwa ajili ya benchi lenu na bati la fundi. Ilikuwa mkae tu kimya leo, basi, mngekaa hapa maisha yenu yote."

Nyundo ya Fundi Soli ilianguka.

"Na sasa?"

"Sasa si wazi. Lisilo wazi ni kiwanja."

"Si ubadilishe!" nikasema.

"Nibadilishe vipi? Limepingwa na mwakilishi aliyechaguliwa kidemokrasia, aliyepiga meza mara mbili na kuvua koti. Maamuzi yameanzia ngazi ya chini. Mimi ni ngazi ya kati, siruhusiwi kuyagusa."

"Amepewa nani?"

Afisa akatazama soksi yake. "Kuna ofisi ilikuwa inatafuta kiwanja mwaka wa pili huu."

"Ofisi ya nini?"

"Ya Kulinda Maeneo Wazi."

Kamanda peke yake ndiye aliyecheka, naye alidhani ni kichekesho. Fundi Soli alikuwa ameinama, anaokota misumari mmoja mmoja, anaitia kwenye kopo. Hakumtukana shemeji yake. Laiti angemtukana, ningepata nafuu. Mdau alisimama pale, koti mkono mmoja ndani mmoja nje, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na neno.

Bi Birika alikuwa nalo.

"Hesabu zile kura upya," akaniambia. "Mimi nina ngapi?"

"Mbili."

"Basi Mwenyebenchi ni mimi. Baba afisa, hiyo ofisi itakuwa na vyumba vingapi?"

"Vinne, mama."

"Vya nini?"

"Cha mkuu, masijala, stoo, na Dawati la Maoni ya Wananchi."

"Kwenye hilo dawati atakaa nani?"

"Hajapangwa mtu. Huwa hapangwi mtu."

"Na wageni wa ofisi watakaa wapi wakisubiri?"

"Samani bado ziko kwenye mchakato."

"Andika," Bi Birika akasema, na yule afisa, sijui kwa nini, akatoa kalamu. "Benchi lipo. Na wa kwenye dawati yupo, ana miaka kumi na minane ya kusikiliza watu wakilalamika. Ukimaliza kuandika, gonga mhuri. Kiatu chako bado kiko mikononi mwetu."

Ofisi imeshajengwa. Ina vigae na bendera, na mlinzi wake wa mchana ni Kamanda, ambaye sasa amefumba macho rasmi. Benchi liko varandani, na sisi tunalikalia kila siku. Mtu akituuliza tunasubiri nini, Mdau anamjibu kwamba mchakato unaendelea, na hakuna aliyewahi kuuliza swali la pili. Bi Birika ana kona yake karibu na ngazi. Na kwenye chumba cha nne, chini ya kibao cha Maoni ya Wananchi, anakaa Fundi Soli na nyundo yake. Wateja wanaomkosa humwachia viatu vyao kwenye sanduku la maoni mlangoni.

Jana Mdau alikuja na gazeti. Ukurasa wa nne tena.

"Sikilizeni! 'Ofisi yaongoza kanda nzima kwa kuwashirikisha wananchi. Mkaguzi aliyeitembelea amesema sanduku la maoni lilijaa hadi mfuniko ukagoma kufunga. Ameeleza kwamba maoni mengi yalikuwa mazito, na baadhi yalionyesha yametembea safari ndefu.'"

Fundi Soli alichungulia dirishani, misumari imejaa midomoni.

"Mwambieni huyo mkaguzi maoni yake meusi, ya mguu wa kushoto, yako tayari tangu juzi."